Mjane Asiye na Mtu

Sidonie aliondoka Kasongo siku ya soko, mchana kweupe, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, tena akiaga majirani mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ametoroka. Mume wake, Zéphirin, fundi wa matofali, alikuwa juu ya ukuta wa ghala la Mgiriki mmoja, mwiko mkononi, watu walipomletea habari. Hakushuka. Alidhani mke amekwenda kumsalimu mama yake kule upande wa Kabambare, na baada ya wiki mbili atarudi.

Haikuwa salamu. Mwezi ulipokwisha alikuja msafiri mmoja na ujumbe kutoka kwa Bulaimu, mjomba wa Sidonie. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mwambie mukwe wetu, nyumba ya mama mukwe wake imelala upande mmoja. Mvua ikinyesha, muke wake anamushikia mama yake jani la mgomba juu ya kichwa. Siku nyumba itasimama, muke atarudi."

Zéphirin alielewa. Kila mtu wa huko angeelewa. Mwanamume akioa hutoa mali, mbuzi na nguo na chochote walichokubaliana, lakini mali hiyo wanaigawana wanaume wa ukoo. Mama aliyezaa hupewa jasho. Mkwe humjengea nyumba, au akikuta nyumba ipo humwezekea paa, na nyasi zikioza hurudi kuezeka tena, hivyo hivyo mpaka mmoja wao aingie kaburini. Hakuna anayengoja apate nafasi. Asiyejenga si mkwe, ni mtu tu anayelala na mtoto wa wenyewe.

Miaka sita Zéphirin alikuwa ameahidi. Mwaka wa kwanza alikuwa na kazi ya nyumba ya masista. Mwaka wa pili ilikuwa posta. Mwaka wa tatu hakukumbuka sababu, lakini sababu ilikuwepo. Katika rika lake hapakuwa na mtu pale Kasongo aliyejenga nyumba nyingi kumpita, na hata moja haikuwa ya mtu wake.

Wakati ule, vita kubwa ya pili ilikuwa imekwisha miaka kumi nyuma, na Wabelgiji walikuwa wanasema sana juu ya kustawisha vijiji. Walichimba visima, walijenga zahanati, waliwahamisha watu kando ya barabara. Palikuwa pia na chama cha mabibi wa huko Bulaya, waliouza keki na soksi walizofuma wenyewe, na fedha iliyopatikana ikawajengea wajane nyumba za matofali na mabati. Watu waliita chama hicho Msaada, basi. Aliyekisimamia Kasongo alikuwa Mamuzeli Régina, mwanamke wa miaka arobaini ambaye hakuolewa, mrefu, mkavu, aliyeendesha kamioneti yake mwenyewe na kubadilisha tairi bila kuita mtu.

Mamuzeli alikuwa anatafuta fundi wa vijiji vya barabara ya Kabambare. Zéphirin aliposikia, aliacha ghala la Mgiriki siku hiyo hiyo akaenda kusimama mlangoni pake.

"Unajua kuandika?" Mamuzeli akamuuliza.

"Nilisoma miaka mitatu, Mamuzeli. Kuandika najua."

"Vizuri. Katika kila kijiji tunajenga nyumba tatu. Majina utaniletea wewe, maana watu wa kule unawajua. Lakini sikiliza, fundi. Fedha hii ni ya mjane asiye na mtu. Mwenye mtoto mkubwa, hapana. Mwenye ndugu, hapana. Mwenye mukwe, hapana. Hao wana watu wa kuwajengea. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia vizuri sana. Huo ndio ubaya wake, maana mtu asiyesikia unaweza kumsamehe.

Kijijini kwa kina Sidonie wajane waliostahili walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa kipofu. Wa pili alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa dawa zote. Wa tatu aliitwa Marie-Thérèse. Huyu alikuwa amezika mume na watoto wanne, naye alilala katika jiko la katekista, na kila asubuhi aliondoka humo kabla wenye jiko hawajaja kuwasha moto, ili asiwe mzigo. Zéphirin aliandika kipofu, akaandika mwenye kidonda. Alipofika kwa wa tatu aliandika hivi: "Waridi. Mjane. Hana mtoto. Hana ndugu." Kalamu ilisimama kidogo. Halafu akamalizia: "Hana mukwe."

Waridi ndiye mama yake Sidonie.

Alivyofikiri yeye, karatasi itakwenda Kasongo na Mamuzeli ataisoma ofisini kwake. Kijiji hakitaisoma. Kijiji kitamwona Zéphirin akipanga matofali kwa ajili ya mama mkwe wake, na nani atauliza simenti imetoka wapi? Upande huu atapata mshahara, upande ule atapata mke. Alijiona mwerevu mpaka akapiga mluzi njiani.

Walifyatua matofali kando ya kijito, wakayachoma kwa kuni za siku tano, wakaanza kujenga. Nyumba ya kipofu ilitangulia, ikafuata ya mwenye kidonda. Ya Waridi ilikuja mwisho, hatua thelathini kutoka kibanda chake cha zamani kilichoegemea mti wa mpera kama mlevi. Msaidizi wa Zéphirin alikuwa Asani, kijana wa Kasongo, mchanganya udongo, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono.

"Fundi," Asani akasema, "miye nimejenga na watu wengi. Sijaona mutu analipwa mushahara kwa kumujengea mama mukwe. Nipe hiyo dawa. Wa kwangu iko na ulimi kama panga."

"Nyamaza. Leta tope."

"Tope naleta. Lakini dawa usinisahau."

Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo Waridi alikuwa anakaa nyuma ya kibanda chake, mgongo kwa mjenzi, anachambua sombe, majani ya muhogo, na akiwa na neno hakulisema kwa Zéphirin. Alilisema kwa kuku wake.

"Wee kuku, muulize huyo fundi. Dirisha kubwa vile la nini? Mwizi atapita bila kuinama."

"Asani," Zéphirin akasema juu ya ukuta, "mwambie kuku kwamba dirisha ni la hewa."

"Hewa iko tele inje. Wee kuku, muulize tena. Jana ilikuwa Jumapili, mbona hakujenga?"

"Jumapili Mamuzeli hapendi tufanye kazi."

"Aa." Mikono ya Waridi ilisimama kidogo juu ya majani. "Na Jumamosi mchana?"

"Jumamosi tunaacha saa sita. Ndivyo Mamuzeli alivyopanga."

"Basi kuku, nimejua. Mukwe wangu ni Mamuzeli."

Asani alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Wanawake waliokuwa wanapita na maji walicheka pia. Zéphirin alicheka pamoja nao, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Kwa muda mrefu siku ile alipanga matofali bila kupiga mluzi.

Maji ya kazi waliletewa na Marie-Thérèse. Hakuna aliyemtuma. Alikuja kila asubuhi na ndoo yake, akamimina kwenye pipa, akarudi kijitoni. Siku moja alisimama.

"Fundi, baba, nakuuliza tu. Jina langu, je, iko kwa karatasi?"

Zéphirin alikuwa ameshika timazi. Aliitazama timazi ile, haikuwa inacheza hata kidogo.

"Karatasi imejaa, mama."

"Eee. Imejaa." Alichukua ndoo yake. "Haidhuru, baba. Wakileta karatasi nyingine utanikumbuka."

Kesho yake alileta maji kama kawaida. Hilo ndilo lililomkera Zéphirin. Angekasirika, ingekuwa rahisi.

Sidonie naye alikuwa anamletea chakula saa sita, bugali na mboga, anakiweka juu ya jiwe na kusimama mbali kidogo, maana mjomba alikuwa amekataza wasilale pamoja mpaka kazi iishe. Zéphirin alilala kwa capita, msimamizi wa kijiji, pamoja na Asani. Sidonie alizitazama kuta zikipanda na uso wake ulianza kulegea. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa alisema, "Wenzangu wote wanasema hakuna mama mukwe aliyejengewa hivi, kutoka hapa mpaka Wamaza." Halafu akacheka kwa aibu, kama msichana. Zéphirin aliomba chumvi.

Mamuzeli alikuja Jumamosi asubuhi kukabidhi nyumba. Watu walijaa, wa msikitini na wa kanisani, wengine wakiwa wameacha mashamba yao ya pamba kwa ruhusa ya capita. Bulaimu alivaa koti lake jeusi na kukaa mbele, mguu juu ya mguu, kama mwenye sherehe. Waridi aliketi juu ya mkeka mpya, mgongo kwa Zéphirin, kama inavyotakiwa. Marie-Thérèse alizunguka na ndoo na kikombe, akiwapa wageni maji.

Kipofu alipewa ufunguo, watu wakapiga vigelegele. Mwenye kidonda alipewa ufunguo, vigelegele tena. Kisha Mamuzeli akafungua karatasi ya tatu, na kwa sauti yake kavu inayofika mbali akasoma, kwa Kiswahili, ili kila mtu ajue kwamba Msaada haupendelei:

"Waridi. Mjane. Hana mtoto. Hana ndugu. Hana mukwe."

Vigelegele vilianza upande mmoja vikakatika. Bulaimu aliteremsha mguu.

"Mamuzeli, nisamehe. Soma tena, masikio yangu yamezeeka."

Mamuzeli akasoma tena, polepole zaidi.

"Nani aliandika?"

"Fundi wangu. Ndiye shahidi."

Bulaimu hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akawageukia watu.

"Mumesikia. Waridi hana ndugu. Miye tumbo moja na yeye, ziwa moja, basi miye nilikufa zamani, mulisahau kunizika. Waridi hana mutoto. Sidonie, simama watu wakuone. Huyu iko mutoto wa nani? Wa mbuzi?"

Sidonie alikuwa amesimama tayari. Alikuwa anamtazama mume wake na uso wote ulikuwa umerudi kufungwa.

"Na Waridi hana mukwe," Bulaimu akaendelea. "Kwa hili siwezi kubisha. Fundi analijua kutupita wote. Mutu akiandika kwa mukono wake kwamba hapa hapana mukwe, tutamulazimisha? Wiki hii tutakusanya mbuzi wake tumurudishie. Wamezaa, tutarudisha na watoto wao, asiseme tumemuibia."

Kurudisha mbuzi maana yake ndoa imekufa. Hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa, isipokuwa Mamuzeli, na yeye pia aliona usoni mwa watu kwamba kuna kitu kimevunjika. Alimgeukia Zéphirin, ufunguo mkononi.

"Fundi, sielewi. Huyu mama iko na watu au hana?"

Zéphirin alisimama pale, mikono imekauka simenti. Akisema hana, Waridi atalala chini ya mabati leo hii, na yeye atakuwa amemkana mkewe mara ya pili, sasa kwa mdomo, mbele ya kijiji kizima. Akisema anao, nyumba itaondoka na kazi itaondoka, na mwanamke mzee atarudi kwenye kibanda kinachoegemea mpera, tena kwa ajili yake yeye. Alitafuta neno la tatu. Alikuwa na desturi ya kulipata, neno la kupitia katikati, "nitakuja mwezi ujao," "kazi ikipungua." Safari hii hakulipata. Alitazama mgongo wa Waridi. Mgongo haukumwambia kitu.

"Iko na watu," akasema.

"Nani?"

"Iko na ndugu, yule wa koti. Iko na mutoto, yule pale. Na iko na mukwe."

"Mukwe nani?"

"Miye."

Mamuzeli alimwita pembeni, karibu na kamioneti. Watu walinyamaza ili wasikie, na walisikia.

"Kwa nini hukumujengea wewe mwenyewe?"

"Sikuwa na nafasi, Mamuzeli."

"Nafasi ya kunijengea miye ulikuwa nayo. Miezi mitatu."

Zéphirin alianza kubandua simenti vidoleni.

"Nani uliyemwacha nje?"

Hakutaja jina. Alinyoosha kidole tu. Marie-Thérèse alikuwa amesimama na ndoo yake, na alipoona watu wote wamemgeukia aliiweka chini, akafuta mikono kwenye kitenge kama mtu aliyeshtakiwa.

Mamuzeli alimwendea na ufunguo. Mama yule alirudi nyuma. "Nyumba ya mwenzangu siingii," akasema. "Nilimuona akiingoja toka tofali la kwanza. Siingii."

Hapo Waridi akainuka. Alijivuta polepole, magoti yakilia. Alichukua mkeka wake mpya alioukalia, akaukunja, akamwendea Marie-Thérèse na kumtia mkeka kwapani.

"Ingia, dada. Tandika. Miye niko na watu. Umesikia wamesema."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Marie-Thérèse aliingia, na kwa muda mrefu hakutoka.

Kabla ya kuwasha gari Mamuzeli alimwambia Zéphirin maneno machache. "Ningekuja mwenyewe kuuliza mlango kwa mlango. Nilikaa ofisini nikaamini karatasi. Kosa hilo ni langu, nitaliandika kwa mabibi wa Bulaya. Lingine ni lako. Jumatatu usije." Asani alipanda nyuma ya gari pamoja na vyombo vya kazi, maana kijiji kingine kilikuwa kinangoja. Alipunga mkono.

Jioni Zéphirin alimfuata Bulaimu barazani.

"Mjomba, nipe siku za kujenga."

"Kujenga nini? Nyumba imejengwa, imepata mwenyewe."

"Nyumba ya mama mukwe."

Bulaimu alimtazama tangu miguu mpaka kichwa. "Mbuzi nitawafunga kwanza," akasema mwishoni. "Sisemi sitawarudisha. Nimewafunga tu."

Simenti haikuwepo, wala matofali, wala mabati. Palikuwa na msitu, udongo na nyasi, kama kwa watu wote. Asubuhi Waridi, Sidonie na mtoto walihamia kwa Bulaimu na mizigo yao, na Zéphirin akaanza kwa kubomoa kibanda cha zamani. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Lakini nyumba ikishabomolewa ukuta, si nyumba tena, ni takataka, na mtu anaweza kupita. Kwa hiyo baada ya miaka sita ndipo Zéphirin alipoona ndani.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi kona moja, nacho kilikuwa kimekatwa miguu ya upande mmoja ili kienee pale paa lilipoinama. Sehemu nyingine yote ilikuwa imejaa vyungu na vibuyu vilivyokatwa, kila kimoja chini ya tundu lake. Alivihesabu vikawa kumi na kimoja. Pale palipokosa chungu, matone yalikuwa yamechimba sakafu mashimo ya kuingia ngumi. Aliingiza ngumi yake. Iliingia.

Alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba paa linavuja. Sidonie alikuwa akisema, wasafiri walikuwa wakisema. Yeye alilisikia kama mtu anavyosikia kwamba mahali fulani kuna baridi. Alikaa juu ya ule udongo wa ukuta ulioanguka, na watoto waliokuja kutazama fundi wa Kasongo akibomoa wakaondoka, maana hakukuwa na cha kutazama.

Ujenzi wenyewe ulikuwa aibu kubwa. Mkwe akija kujenga huja na ndugu zake, kundi zima, wakila na kuimba na kutaniana na mashemeji, na ukoo wa mke unaona kwamba mtoto wao ameolewa na watu. Zéphirin alituma habari Kasongo kwa kaka zake wawili. Mmoja alijibu kwamba ana kazi ya ofisi. Mwingine hakujibu. Ikawa anakata miti peke yake, anaburuta peke yake, anachimba mashimo peke yake, na mashemeji, vijana wa Bulaimu, wamekaa kivulini wanamhurumia kwa sauti.

"Shemeji, watu wako wako njiani?"

"Wanakuja."

"Tuwapikie wangapi?"

Alikuwa fundi wa kuta zilizonyooka. Miti hainyooki. Aliipima kwa timazi, akasogeza, akapima tena, mpaka mwanamke mmoja akamuuliza kama anajenga nyumba au anampima maiti. Siku ya nane, Jumapili, Asani alitokea barabarani na baiskeli, miguu myekundu kwa vumbi.

"Miye ndugu yako leo tu," akasema. "Kesho niko kwa Mamuzeli. Haya mashemeji, ndugu wa mukwe amefika, chakula iko wapi?"

Siku ile waliikandika nyumba nzima. Wanawake walikanyaga udongo, Asani akaimba nyimbo ambazo hazifai kuimbwa mbele ya wakwe, na wakwe wakafurahi. Jioni akapanda baiskeli akaondoka. Paa likabaki kwa Zéphirin.

Alipanda na nyasi. Alipokwisha kufunga tita la tatu, Bulaimu alikuwa amesimama chini, fimbo mkononi.

"Nani alikufundisha kuanza juu?"

"Hakuna, Mjomba."

"Inaonekana. Anza chini, kwenye ukingo, upande kwenda juu, la juu lilale mgongoni kwa la chini. Hivyo unavyofanya wewe maji yatashuka ndani kama mgeni aliyealikwa. Na kaza kamba. Unamufunga mutoto nguo? Kaza!"

Alifundisha kwa matusi siku tatu mfululizo, na siku ya tatu aliweka fimbo chini akawa anamrushia matita. Kutoka juu ya paa Zéphirin aliona nyumba ya Marie-Thérèse, mabati yake yakimeta. Mara nyingi mwenyewe alikuwa nje, kwenye kizingiti, kama mgeni wa nyumba yake. Kila alasiri Waridi alitoka kwa Bulaimu na sombe yake, akaenda kukaa naye. Walichambua bila kusema sana. Zéphirin alifikiri kwamba Mamuzeli hakuwa amekosea kuwapa nyumba wasio na watu, lakini ufunguo hauwezi kuchambua sombe na mtu. Halafu akafikiri kwamba yeye si wa kusema hayo, akaendelea kukaza kamba.

Paa lilikwisha mchana wa Ijumaa. Waridi aliingia na mizigo yake bila neno. Bulaimu alizunguka nyumba mara mbili, akagonga ukuta, akasema, "Mbovu. Lakini ni kazi ya mukwe," akaenda zake. Mbuzi hakuwataja tena, na asipowataja, basi wamebaki zizini kwake.

Sidonie ndiye aliyebaki nje. Alisimama kwenye jiwe alilokuwa akiwekea chakula.

"Mjomba ameridhika," akasema.

"Nimeona."

"Mama ameingia."

"Nimeona."

"Miye bado hujaniuliza. Nikuulize miye. Ulijenga hii ili unipate, au kwa sababu mama ananyeshewa?"

Zéphirin alijua jibu lililo zuri. Lilikuwa mdomoni tayari, tamu.

"Ili nikupate," akasema. "Mama yako sikumufikiria. Miaka sita, hata siku moja. Ya matofali ilikuwa kwa ajili yako na mshahara. Hii ya nyasi nilianza kwa ajili yako. Nilipobomoa ile ya zamani niliona vyungu. Kumi na kimoja. Toka siku ile sijui tena najenga kwa ajili ya nani. Nilijenga tu."

Sidonie alishuka kwenye jiwe.

"Na kwa karatasi, ulipoandika hana mukwe, uliniona usoni?"

"Kalamu ilisimama."

"Ilisimama, halafu?"

"Halafu nikaandika."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Mbingu za upande wa mto Lualaba zilikuwa zimeiva. Upepo ulikuja na harufu ya udongo, mvua ikafuata bila kubisha hodi. Sidonie alikimbilia ndani kwa mama yake. Zéphirin, ambaye kuingia hakuruhusiwa, alijibanza nje chini ya ukingo wa paa, mgongo kwenye ukuta ambao haujakauka, na mvua ikampiga magotini.

Alisikiliza. Juu ya mabati mvua hupiga kelele hata mtu hasikii kinachotokea. Juu ya nyasi ni kimya, na kila kitu kinasikika. Aliwasikia wanawake wawili wakitembea ndani, wakisimama, wakitembea tena. Hakuna aliyesogeza kitanda. Muda mrefu ulipita.

"Sidonie," akaita. "Inavuja?"

"Pahali pamoja. Juu ya mulango."

"Pamoja tu?"

"Nimesema pamoja."

Alifuta maji usoni. "Kesho nitapanda."

Ndani wakanong'ona. Alisikia sauti ya mama mkwe wake, bila kusikia maneno, kisha sauti ya mke wake ikaja karibu na ukuta, pale pale alipokuwa ameegemea.

"Panda asubuhi," Sidonie akasema. "Ukimaliza, tutaanza safari ya Kasongo. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua, utanileta hapa na utapanda tena. Hata kama Gavana mwenyewe anataka nyumba."

"Nimesikia," Zéphirin akasema.

"Kusikia kwako nakujua. Sema utapanda."

"Nitapanda."